Kwa nini rekodi ya kasi ya ndege ya 1976 haijavunjwa hadi leo? Wapenda injini na vyuma njooni

#1 mleta_uzi

Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 28 Julai 1976, juu ya California, marubani wa Marekani waliipeleka ndege ya SR-71 kwa kasi ya kilomita 3,529 kwa saa. Kwa mwendo huo, kutoka anga la Dar hadi anga la Mwanza ni kama robo saa. Tangu siku hiyo simu za mkononi zimeingia sokoni, intaneti imeenea hadi vijijini, na bado hakuna ndege yenye mtu ndani na injini inayovuta hewa iliyoipita rekodi ile. Zilizokwenda kasi zaidi ama zilisukumwa na roketi, ama hazikuwa na rubani.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Swali hili liliniingia nikiwa Oman, kwenye mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, nilipokabidhiwa mabomba ya titani kwa mara ya kwanza. Titani ukiichomelea bila kuifunika vizuri kwa gesi ya agoni inakusema palepale. Ikibaki rangi ya fedha, uko salama. Ikiwa ya manjano kama majani makavu, bado inavumilika. Ikigeuka buluu, msimamizi anaanza kukuuliza maswali. Ikitoa unga mweupe, kata, tupa, anza upya. Nikajiuliza: kama chuma hiki kinaharibiwa na hewa ya kawaida kikiwa cha moto, waliwezaje kujengea ndege nzima inayoungua angani kwa saa nzima? Nimeisomea habari hii kwa miaka kadhaa na nataka tuijadili kwa kina.

Nikiwauliza watu, wengi hujibu kwamba tatizo ni gharama au nguvu ya injini. Gharama ipo, sibishi. Lakini fuatilia mradi mmoja mmoja utaona wote wanapigana na adui yule yule, joto.

Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, pampu kwa nguvu. Chini inapata moto, kwa sababu hewa ikibanwa ghafla inachemka. Ndege ya kasi inaibana hewa iliyo mbele yake namna hiyo hiyo. Huko juu, kilomita 20 kutoka ardhini, hewa ina baridi ya nyuzi 55 hivi chini ya sifuri. Ndege ikienda mara mbili ya kasi ya sauti, yaani Mach 2, hewa inayogota kwenye pua yake inafika nyuzi 120 juu ya sifuri. Mach 3, nyuzi 340. Mach 5, imeshapita 1,000. Mach 6, inakaribia 1,500, na hapo ndipo chuma cha kawaida kinapoanza kuwa uji. Kasi ikizidishwa mara mbili, ongezeko la joto linazidishwa mara nne.

Concorde iliishia Mach 2 na kidogo kwa sababu ilijengwa kwa aloi ya alumini, na alumini huanza kulegea mapema sana kabla ya kuyeyuka. Hata hivyo ilirefuka kwa zaidi ya sentimita 15 kila safari ikiwa hewani, kisha ikarudi urefu wake ikipoa. Kwenye chumba cha marubani palikuwa na mwanya uliofunguka ndege ikiwa ya moto na kufunga ikipoa. Kwenye safari za mwisho, baadhi ya mainjinia wa ndege waliingiza kofia zao kwenye mwanya huo, zikabanwa humo moja kwa moja.

Nitaendelea na SR-71. Karibuni.

#2 mpita_njia

Nimekaa kitako. Shusha vitu mkuu.

#3 mwanafunzi_mwaka_wa_3

Asante kwa uzi kaka. Lakini sisi darasani tumezoea kusikia kwamba ndege inapata moto kwa sababu ya msuguano na hewa. Wewe unasema ni kubanwa. Lipi sahihi?

#4 mleta_uzi

Mdogo wangu, kubanwa ndiko kunakochemsha. Msuguano watu wanausema kwa mazoea tu.

#5 fundi_mstaafu

Mleta uzi, hapo umekwenda haraka. Kwenye pua na kwenye ncha za mabawa, hewa inasimama ghafla, na hapo ni kubanwa kama ulivyosema. Lakini ukirudi nyuma ubavuni, kuna tabaka jembamba la hewa lililoganda kwenye ngozi ya ndege. Tabaka hilo linaburutwa, chembe zake zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, na msuguano huo wa ndani unazaa joto karibu sawa na lile la pua. Kwa hiyo mwalimu wa kijana hakukosea, alikuwa anatazama ubavu wakati wewe unatazama pua.

#6 mleta_uzi

Mzee wangu shikamoo, na nimekubali. Mwanafunzi, chukua maelezo ya #5, uyaache yangu ya #4.

Sasa SR-71. Mbunifu wa ndege Kelly Johnson na watu wake wa kampuni ya Lockheed pale Burbank, California, walijua alumini haiwezi. Chuma cha pua kinaweza, lakini ni kizito. Wakachagua titani, kiasi cha asilimia 85 ya mwili wa ndege. Marekani haikuwa na madini ya kutosha ya ubora uliotakiwa, Urusi ya Kisovieti ilikuwa nayo kwa wingi. Ikabidi yanunuliwe huko kwa kupitia kampuni za bandia zilizoficha mnunuzi. Ndege iliyoundwa kuwapeleleza Wasovieti ikajengwa kwa titani yao.

Kuipata ilikuwa mwanzo tu. Hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo ninapopapenda. Boliti zilianza kukatika vichwa zikipashwa moto, na hakuna aliyeelewa. Wakaja kugundua kwamba spana za mafundi zilikuwa zimepakwa kadimiamu, ile metali ya kuzuia kutu. Alama ndogo tu ya kadimiamu ikibaki kwenye boliti ya titani, ikipata joto inaila kutoka ndani. Wakapita kwenye kila sanduku la vifaa wakaondoa kila spana ya aina hiyo.

Kisha kuna kisa cha maji. Vipande vya mabawa vilivyochomelewa majira ya joto vilikuwa vinaharibika mapema sana kwenye majaribio. Vilivyochomelewa majira ya baridi vilidumu. Mafundi ni wale wale, mashine ni zile zile, titani ni ile ile. Ingekuwa karakana nyingi, fundi wa zamu ya kiangazi angeshafukuzwa kazi. Wao walikuwa na kumbukumbu ya kila kipande, kimechomelewa lini na kuoshwa lini, wakafuata karatasi hadi kwenye bomba la maji. Mji wa Burbank ulikuwa unaongeza klorini kwenye maji wakati wa joto ili mwani usiote. Vipande vilikuwa vinaoshwa kwa maji hayo baada ya kuchomelewa. Wakabadili, wakaosha kwa maji yaliyotoneshwa, tatizo likaisha.

Nikisoma habari hiyo nawaza madaftari yetu ya karakana. Tangu siku hiyo kila kiungo ninachochomelea naandika tarehe, agoni ya mtungi gani, na nimesafishia nini.

Mambo mengine kwa ufupi: ngozi ya sehemu ya bawa ilitiwa migongo kama bati la nyumba, ili ikitanuka kwa joto migongo iongezeke badala ya ngozi kujikunja ovyo. Matangi yalivuja mafuta ndege ikiwa ardhini, maana hakuna gundi ya kuziba iliyovumilia kupashwa na kupozwa safari baada ya safari. Na mafuta yenyewe, JP-7, yaliundwa kuwa magumu kuwaka, kwa sababu yalipewa kazi mbili. Kabla ya kuchomwa yalizungushwa ndani ya ndege yakibeba joto kutoka kwenye chumba cha rubani, haidroliki na vifaa vingine. Kuyawasha kulihitaji kemikali inayolipuka yenyewe ikikutana na hewa, ikitoa mwali wa kijani.

#7 mpita_njia

Na injini je? Maana umesema kasi haizuiwi na nguvu.

#8 mleta_uzi

Ndiyo hapo. Injini yake ni J58 ya Pratt & Whitney. Mbele ya kila injini kuna koni ndefu. Ndege ikiongeza kasi, koni inarudi nyuma polepole, jumla sentimita 66, ili mawimbi ya mshtuko yakae mahali panapotakiwa kwenye mdomo wa injini. Mawimbi hayo yanaibana hewa bila panga hata moja kuzunguka. Mabomba sita makubwa yanachukua sehemu ya hewa katikati ya kompresa, yale mapanga ya mbele yanayobana hewa, na kuipeleka nyuma moja kwa moja, kule mafuta yanakomwagiwa mara ya pili. Kwenye Mach 3 sehemu kubwa ya msukumo inatokana na jinsi mdomo na mkia wa injini vinavyoishughulikia hewa, na mashine yenyewe ya katikati inachangia kidogo.

Sasa angalieni kikomo cha rubani kilikuwa nini. Kilikuwa joto la hewa inayoingia kwenye kompresa: nyuzi 427. Ikifika hapo, unapunguza mwendo, hata kama injini bado ina nguvu ya kuongeza. Jibu la kichwa cha uzi huu, kwa ndege ile, lilikuwa kwenye kipimajoto.

#9 wa_kwale

Mimi natoka Kwale. Kwetu mchanga mweusi wa titani ulichimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, meli zikipakia Likoni. Tulikuwa tunaambiwa ni madini ya ndege. Je, ni kweli mchanga wetu umeruka?

#10 mleta_uzi

Ndugu yangu wa Kwale, nitakujibu bila kukupaka mafuta. Mchanga wenu una ilmenaiti, rutili na zirkoni. Duniani, zaidi ya tisa ya kumi ya madini ya titani inageuzwa unga mweupe wa rangi: rangi za ukuta, plastiki, karatasi, hata dawa ya meno. Sehemu ndogo sana ndiyo inayokuwa chuma. Kwa hiyo kama mchanga wa Kwale uko mahali, kuna uwezekano mkubwa uko kwenye kuta.

Na sababu ni ile ile ya agoni yangu. Titani imeshikana na oksijeni kiasi kwamba huwezi kuiyeyusha kwa makaa kama chuma cha kawaida. Njia inayotumika hadi leo ni ya William Kroll, ya miaka ya 1930 na 1940. Unaunganisha madini na klorini yawe kimiminika, kisha unainyang'anya klorini kwa magnesiamu ndani ya tangi lisilo na hewa. Inatoka kitu chenye matundu kama sifongo. Inachukua siku nyingi kwa mafungu, inakula umeme mwingi. Mchanga ni wa bei ndogo, sifongo ni ya bei kubwa, na tofauti ya bei hizo mbili inabaki kwa mwenye tangi.

Zirkoni nayo isisahaulike. Ni moja ya vyanzo vya zirkonia, na zirkonia ndiyo inayopakwa juu ya mapanga ya injini za ndege kuzuia joto. Nakuja huko.

#11 wa_kwale

Nimekuelewa. Inauma, lakini heri kujua.

#12 mleta_uzi

Sehemu ya tatu: mapanga ya tabini.

Kwenye injini ya ndege ya abiria ya leo, gesi inayotoka chumba cha moto ina zaidi ya nyuzi 1,500. Mapanga yanayozungushwa na gesi hiyo ni ya aloi ya nikeli, inayoanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,300. Yaani panga linakaa ndani ya moto unaoweza kuliyeyusha, likizunguka maelfu ya mara kwa dakika, kwa maelfu ya saa.

Wanafanyaje? Kwanza, panga ni tupu ndani, na limetobolewa vitundu vidogo vinavyotoa hewa iliyo baridi kuliko gesi, ikilifunika kama shuka. Pili, linapakwa zirkonia. Tatu, na hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, panga zima ni fuwele moja.

Chuma chochote mnachokiona, nondo au sufuria, ni mkusanyiko wa punje nyingi zilizoshikana. Kwenye joto kali mipaka ya punje ndiyo inayoteleza, chuma kinarefuka taratibu hadi kinakatika. Watafiti wa Pratt & Whitney waliamua kuiondoa mipaka yote. Panga linachongwa kwa nta, linafunikwa kwa udongo wa seramiki, nta inayeyushwa itoke, kisha aloi inamiminwa. Chini ya kalibu kuna njia nyembamba iliyojisokota kama mkia wa nguruwe. Punje nyingi zinaanza kukua kutoka chini, zinagombania njia, na kwenye msokoto inapita moja tu. Hiyo moja inakua hadi kulijaza panga lote. Ndege za abiria zilianza kuyabeba mapanga ya namna hii 1982.

#13 wa_lubumbashi

Bandugu, miye niko Lubumbashi. Huku kwetu kila mutu anajua kobalti inaenda ku betri ya telefone. Ku ndege inaingia?

#14 mleta_uzi

Inaingia ndugu, na iliingia kwenye ndege miaka mingi kabla ya betri za simu kuwepo. Aloi nyingi za mapanga zina kobalti karibu sehemu moja ya kumi. Na kuna kisa kinachowahusu nyinyi moja kwa moja.

Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliingia jimbo la Shaba, yaani Katanga, wakaiteka Kolwezi. Zaire ilikuwa ndiyo mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani. Bei ikapanda zaidi ya mara tatu. Viwanda vya injini za ndege Marekani vikashtuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 NASA ikaanzisha mpango maalumu wa utafiti, COSAM, wa kupunguza kobalti na metali nyingine za kuagizwa ndani ya aloi za injini. Maabara zikaanza kujiuliza kwa undani kobalti inafanya kazi gani hasa ndani ya nikeli, ni kiasi gani kinaweza kuondolewa, na nini kiingizwe badala yake. Sehemu ya elimu tuliyonayo leo kuhusu aloi hizo ilizaliwa kwa sababu ya yale yaliyotokea Kolwezi.

#15 wa_lubumbashi

Papa yangu alikuwa Kolwezi ile mwaka. Anatuelezeaka masasi na kukimbia, hakuna mutu alimuambia hii ingine. Nitamusomea leo magaribi.

#16 mleta_uzi

Mpe salamu zangu mzee, tafadhali.

Tuendelee, skramujeti. Kwanza tuondoe panga zote. Ukiwa na kasi ya kutosha, mdomo wa injini peke yake unabana hewa, unamwagia mafuta, unawasha, basi. Hiyo ni ramujeti, wazo la Mfaransa René Lorin la 1913. Lakini ramujeti inaipunguza hewa mwendo hadi chini ya kasi ya sauti kabla ya kuwasha. Ukipita Mach 5 au 6, kuisimamisha hewa kiasi hicho kunaichemsha mno, na nguvu ya mafuta inapotea katika kuvunja chembe za hewa badala ya kusukuma ndege. Suluhisho ni kuiacha hewa ipite ndani ya injini ikiwa bado inakwenda kasi kuliko sauti. Hiyo ndiyo skramujeti.

Aliyewahi kupepea jiko la mkaa anajua shida inakuja wapi. Pepea kiasi, mkaa unawaka. Pepea kwa nguvu mno, cheche na majivu vinaruka na moto unapotea. Ndani ya skramujeti, hewa inamaliza urefu wa injini kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi kidogo. Ndani ya muda huo mafuta yachanganyike, yawake, yasukume.

30 Julai 2002 watu wa Chuo Kikuu cha Queensland walipandisha injini ndogo ya HyShot juu ya roketi kutoka Woomera, Australia, wakapata data za moto huo ukiwaka angani kwa sekunde chache. 2004 NASA wakarusha X-43A, chombo cha mita 3.7 kisicho na rubani, mafuta yake hidrojeni. Kilibebwa na ndege kubwa ya B-52, kikasukumwa na roketi, kikaachiwa. Mwezi Machi kilifika Mach 6.8, mwezi Novemba Mach 9.6. Injini iliwaka kwa sekunde kama 11.

Kwa nini sekunde 11 tu? Injini ile ilikuwa ya aloi ya shaba, na kazi ya shaba ilikuwa kunyonya joto tu. Hiyo ni sawa na kushika sufuria ya moto kwa kitambaa: una muda mfupi, kisha lazima uiweke chini.

#17 mwanafunzi_mwaka_wa_3

Kwa hiyo ili iwake muda mrefu lazima joto lipelekwe mahali. Wapi, kama hewa yote ya nje ni ya moto kuliko chuma?

#18 mleta_uzi

Swali zuri sana hilo, na limechukua miaka mingi ya watu. Kilicho baridi ndani ya chombo ni kimoja: mafuta. X-51A ya jeshi la anga la Marekani ilipitisha mafuta ndani ya kuta za injini kwanza. Yakipata joto, chembe zake kubwa zinapasuka kuwa ndogo, na kupasuka huko kunakula joto zaidi. Kisha hayo yaliyopasuka ndiyo yanayochomwa, na yanawaka upesi kuliko yale ya mwanzo. Tarehe 1 Mei 2013 iliwaka kwa sekunde 210 hivi, ikafika Mach 5.1.

Na mafuta yenyewe yalikuwa JP-7. Yale yale ya SR-71. Nilipolijua hilo nilisimama kazini dakika nzima.

Toka sekunde 11 hadi 210. Ndiyo maana mimi nikisikia habari ya injini mpya ya kasi, nauliza imewaka muda gani kabla ya kuuliza imefika Mach ngapi.

#19 fundi_mstaafu

Usimalize bila kusema habari ya X-15, maana inaonyesha joto halisambai sawasawa.

#20 mleta_uzi

Kweli mzee. 3 Oktoba 1967 Pete Knight aliiendesha X-15, ndege ya roketi, hadi Mach 6.7. Chini ya mkia ilikuwa imefungwa ramujeti ya mfano, isiyowaka, kwa majaribio. Wimbi la mshtuko kutoka kwenye ramujeti hiyo likakutana na mawimbi mengine kwenye nguzo iliyoishikilia. Pale yalipokutana joto lilizidi hesabu zote, likatoboa Inconel, aloi ya nikeli iliyochaguliwa kwa ajili ya joto. Ramujeti ikakatika na kuanguka. Knight alitua salama. Ngozi yote ya ndege inaweza kuwa sawa, na mahali padogo kama kiganja pakaiua.

Columbia, kile chombo cha Marekani cha kwenda anga za juu na kurudi, ndiyo mfano wa uchungu. Ncha za mabawa ya vyombo vile zilikuwa za kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, inayovumilia zaidi ya nyuzi 1,500. Joto haikuliogopa. Kipande cha povu kilichodondoka wakati wa kuruka ndicho kilichotoboa ncha ya bawa la kushoto, na tarehe 1 Februari 2003, wakirudi, gesi ya moto ikaingia kwenye tundu hilo hadi ndani, kwenye alumini. Watu saba.

#21 mpita_njia

Mungu awarehemu. Naomba kuuliza: haya yote si ni ya silaha tu? Sisi wananchi tunapata nini?

#22 mleta_uzi

Fedha nyingi ni za kijeshi, sitalificha, na mimi binafsi linanisumbua. Lakini joto likishindwa mahali pamoja, elimu inahama. Seramiki ni mfano wa karibu. Chungu kinavumilia moto kuliko sufuria, ila ukikidondosha ndiyo mwisho. Wazee wetu wa kukandika nyumba walitia nyasi kwenye udongo ili ufa ukianza ukutane na unyasi ukwame. Wahandisi wamefanya hivyo hivyo: nyuzi za silikoni kabaidi ndani ya silikoni kabaidi. Kitu chepesi, kama theluthi ya uzito wa aloi ya nikeli, kinachovumilia joto zaidi yake. Kimo kwenye injini za LEAP, kwenye ukuta unaozunguka mapanga ya tabini. Ukipanda ile Boeing 737 MAX 9 ya Air Tanzania, umekaa mita chache kutoka kwayo, na mafuta yanayookolewa yanahesabika kwenye kila safari.

Upande mwingine ni Waingereza wa Reaction Engines, kampuni iliyoanzishwa 1989 na Alan Bond na wenzake. Wazo lao lilikuwa kuipoza hewa kabla haijaingia kwenye injini: maelfu ya vibomba vyembamba vyenye kimiminika baridi ndani. 2019 huko Colorado walipitisha hewa ya nyuzi 1,000 ikapozwa kwa chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Jaribio lilifaulu. Fedha zikaisha, na mwisho wa Oktoba 2024 kampuni ikawekwa chini ya mfilisi. Hilo lilinihuzunisha kweli. Fikirieni mikono iliyounganisha maelfu ya vibomba vile bila hata kimoja kuvuja. Mafundi wale wakitawanyika, hakuna mchoro unaobeba yote waliyoyajua.

#23 wa_malindi

Kwani roketi si zinakwenda kasi kuliko hizi zote? Hapa kwetu Waitaliano walirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini, kwa roketi ya Scout. Kwa nini kuhangaika na injini za kuvuta hewa?

#24 mleta_uzi

Kwa sababu ya mzigo, ndugu. Roketi inabeba oksijeni yake. Tangi kubwa la chombo kama Columbia lilibeba hidrojeni tani 106 hivi, na oksijeni tani kama 630. Yaani sehemu kubwa ya ulichonyanyua ni kitu ambacho hewa inakupa bure. Ila roketi ina ujanja mmoja: inapanda wima, inaondoka kwenye hewa nzito haraka, mbio zake kubwa inazifanya kule juu hewa ilikoisha. Injini ya kuvuta hewa inalazimika kubaki ndani ya hewa ili iishi, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayoichoma.

#25 mwanafunzi_mwaka_wa_3

Kaka nimebadilisha mada ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho usiku huu huu. Nilikuwa nifanye pampu, sasa nataka kupima jinsi tabaka la oksidi linavyokua kwenye titani kwa joto tofauti. Tanuri ya chuo inafika nyuzi 1,000. Shida ni sampuli.

#26 mleta_uzi

Nina vipande vya mabomba nilivyorudi navyo, daraja la pili, unene wa milimita moja hivi. Nitakukatia ishirini vyenye ukubwa sawa. Usivioshe kwa maji ya bomba, tumia yaliyotoneshwa, na usivishike kwa vidole baada ya kuviosha. Anza nyuzi 300, panda hamsini hamsini hadi 800, kila kipande saa moja, pima uzito kabla na baada kwa mzani wa maabara, piga picha ya rangi kwenye mwanga ule ule. Kuanzia 600 hivi kwenda juu angalia kingo vizuri kwa hadubini. Nitumie ujumbe wa faragha unielekeze mabasi ya kwenu yanashusha wapi mizigo, Jumamosi niko karakana.

#27 fundi_mstaafu

Na uandike tarehe kwenye kila kipande, kijana. Kwa penseli ya kukwaruza, usitumie kalamu ya wino.